Barre

Neno la kwanza la Kihispania nililopewa
lilikuwa na mpini.
Barre, alisema bibi Eduviges,
na ufagio ukanifikia kabla ya maana.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshuka kutoka Puquio
na blanketi moja na viazi vikavu alivyonifungia mama.
Arequipa ilikuwa nyeupe, kuta zote nyeupe,
nikadhani ni barafu. Niligusa ukuta kwa siri.

Lava. Plancha. Cocina. Abre, wanabisha.
Vitenzi vilinijia vimekatwa mkia,
ile r ya mwisho imebaki mahali fulani
kama mabua ya vitunguu kwenye ubao wa jikoni.
Miaka mingi sikujua kwamba lavar ni kitu kizima.
Nilijua kipande kinachofanya kazi.

Nina miaka thelathini na mmoja sasa, na daftari.
Shule ya jioni, watu wazima, madawati ya watoto,
magoti yetu yako juu kuliko kalamu.
Mwalimu Zenobio Ccallata anapangusa chaki kwenye koti:
"Amri kwa rafiki, au kwa mtoto, ni rahisi.
Chukua vile unavyomsimulia mtu ambaye hayupo.
Ella barre, yeye anafagia.
Barre, fagia.
Neno ni lile lile."

Niliacha kuandika.
Kumbe kila asubuhi bibi aliponiamuru
alikuwa pia akinisimulia:
anafagia, anafua, anapiga pasi,
kama habari za mtu aliye chumba kingine,
kama jambo lililokwisha kutokea.

"Kwa usted," mwalimu akaendelea, "irabu zinabadilishana viti.
Palipoketi a, mkaribishe e.
Palipoketi e, mpishe a.
Lava, lave. Barre, barra. Abre, abra.
Wakiwa wengi, bandika n, basi."

Doña Nieves, muuza supu wa stendi, akainua mkono:
"Na nani hapa amewahi kuambiwa barra?"
Tukacheka, kicheko kirefu kuliko kichekesho chenyewe.
Nami nikakumbuka siku ya kwanza, mlangoni,
mwalimu aliposema Pase usted,
nikageuka nyuma kuona ni nani anayekuja.

Juni, kiharusi kikamlaza bibi Eduviges.
Watoto wake wanapiga simu kutoka Lima,
wanauliza kama dawa zimetosha.
Kijiko kiko mkononi mwangu mimi.

Ningeweza kusema come.
Nyumba tupu, nani angenisahihisha?
Come, bebe, abre la boca,
kama anavyoambiwa mtoto, kama nilivyoambiwa.
Neno lilikuwa tayari nyuma ya meno, limechongoka.
Ulimi ukapima: e, a.

Coma, nikasema. Beba, señora.

Sijui kama ilikuwa heshima au umbali.
Kihispania kimeniuzia irabu moja kwa yote mawili
na hakirudishi chenji.
Mama, kwa Kikechua chetu, angesema mikuykuy:
kula, lakini katikati ya neno
anapenyeza silabi laini
kama mkono chini ya shingo ya mgonjwa.
Hilo sikulisema.
Kwa bibi yule, bado sikuliweza.

Akameza. Uji wa kinoa ukamtiririka kidevuni, nikafuta.
Akaniangalia muda mrefu,
nusu ya mdomo ikiitafuta nusu ya pili.
"Descans," akasema,
na irabu ya mwisho haikutoka.

Hii ni wiki ya tatu.
Ufagio uko pembeni mwa jiko, sijaugusa tangu jana.
Descansa. Descanse.
Pumzika, wewe. Pumzika, mama.
Au alikuwa akijisemea mwenyewe tu, descansar, neno zima,
na pumzi ikamwishia njiani.

Mwalimu ametupa vitenzi ishirini vya kujaza nyumbani.
Kumi na tisa nimejaza kwa wino.
Kile kimoja nimeacha pengo,
upana wa herufi moja.